Kufuli Juu ya Robota: Historia ya Neno la Siri katika Mafaili Yaliyobanwa

Sogezeni viti karibu na redio, na kila mtu awe na daftari lake na kalamu. Mwalimu, tafadhali andika ubaoni maneno manne kabla sijaanza: ROBOTA, KUBANA, NENO LA SIRI, KUSIMBA. Wanafunzi wayasome kwa sauti, kisha wayanakili. Nangoja kidogo.

Vema. Robota mnalijua. Pamba itokapo katika kinu cha kuchambulia ni nyepesi, imejaa hewa, na gari zima likijazwa halibebi uzito wa maana. Kwa hiyo pamba hiyo hugandamizwa kwa mashine, ikafungwa kwa mikanda ya chuma, ikawa robota. Pamba ni ile ile. Kilichopungua ni nafasi. Basi katika kompyuta nako watu hufanya marobota. Maandishi, hesabu na picha hukaa katika kitu kiitwacho faili. Nayo mafaili mengi huweza kubanwa na kufungwa pamoja yakawa faili moja dogo, rahisi kupeleka. Faili hilo moja nitaliita robota katika somo hili. Aina yake inayojulikana kuliko nyingine zote huitwa zipu.

Sasa nisikilizeni. Tuseme yuko katibu wa chama cha kuweka na kukopa. Amefunga robota lenye majina ya wanachama, namba zao za simu, hesabu ya madeni ya kila mmoja, na pamoja na hayo katiba ya chama. Jumatatu amelipeleka kwa mhasibu kwa barua pepe, likiwa wazi. Jumanne mwenyekiti anamwita: “Ndugu katibu, madeni ya watu si habari ya sokoni. Tia kufuli.” Je, katibu anaweza kutia kufuli juu ya robota ambalo amekwisha kulifunga, bila kulifungua na kuanza upya? Na akitia, je, limefungwa kweli?

Swali la kwanza jibu lake ni jepesi: yawezekana. La pili ndilo somo letu la leo.

Tuanze na lile neno la siri. Ni jambo la kale sana, nalo lilianza kwa askari. Polybius, Mgiriki aliyeandika habari za Warumi katika karne ya 2 kabla ya Kristo, ametueleza desturi ya kambi zao. Kila jioni jua likichwa, neno la siri la usiku ule liliandikwa juu ya vibao vidogo vya mti, navyo vikapitishwa toka kikosi hata kikosi mpaka vimrudie mkubwa kabla giza halijaingia. Kila kibao kilikuwa na alama yake, hivi kwamba kisiporudi, mkubwa alijua kimekwama kwa nani. Angalieni basi: Warumi walikuwa na neno, tena walikuwa na njia ya kulifikisha neno lenyewe, na njia hiyo waliilinda kama walivyolilinda neno. Shikeni jambo hilo, tutalihitaji mwishoni.

Sasa turuke miaka elfu mbili na zaidi, twende Marekani. Katika chuo kikuu cha MIT, karibu na mji wa Boston, Bwana Fernando Corbató na wenzake walionyesha watu mwaka 1961 namna ya kuifanya kompyuta moja kubwa itumiwe na watu wengi kwa wakati mmoja. Zamani zile kompyuta ilijaza chumba, na bei yake haikuwa ya kila mtu. Kwa kuwa wengi walitumia mashine moja, kila mmoja alitaka mafaili yake yasiguswe na mwenzake. Ndipo kila mtu akapewa neno lake la siri. Hilo ni miongoni mwa maneno ya siri ya kwanza kabisa ya kompyuta.

Halikukaa hata miaka miwili. Mwaka 1962 mwanafunzi mmoja wa hapo, Allan Scherr, aliona kwamba saa alizopewa za kutumia mashine hazimtoshi kwa kazi yake. Alijua maneno ya siri ya watu wote yameandikwa katika faili moja ndani ya mashine ile ile. Basi akapeleka kadi yenye matundu, ambayo ndiyo ilikuwa namna ya kuiagiza mashine, akaomba faili hilo lichapwe kwenye karatasi. Likachapwa! Akalichukua, akawa anatumia saa za wengine. Hakuvunja mlango, aliomba tu, akapewa. Mwenyewe alikuja kusema wazi miaka mingi baadaye.

Nimewapa hadithi hiyo ili mwone tofauti moja. Neno la siri la MIT lilikuwa kama bawabu mlangoni: anakuuliza neno, ukilijua unapita, usipolijua unarudi. Lakini vitu vilivyomo chumbani havijabadilika. Anayepita dirishani hamkuti bawabu. Robota haliwezi kulindwa hivyo, maana robota husafiri, tena husafiri peke yake, bawabu amebaki nyumbani. Kwa robota ni lazima maandishi yenyewe yabadilishwe yawe fumbo, asiyejua neno asione kitu ila takataka. Kazi hiyo ndiyo KUSIMBA. Na kuyarudisha yasomeke ni kusimbua. Andikeni.

Tuje kwenye kubana. Hapa lazima tukae kidogo, kwa sababu asiyejua robota hufungwaje hatajua kufuli lake hukaa wapi. Mwalimu, andika ubaoni: “mama anapika wali, mama anapika nyama”. Je, mnaona nini? Maneno “mama anapika” yamerudiwa. Mtu mvivu, au mwenye karatasi ndogo, angeandika sentensi hiyo mara moja mpaka kwenye wali, halafu angesema: “rudi nyuma hatua 19, chukua herufi 13, kisha andika nyama.” Hesabuni wenyewe, kila herufi moja, kila nafasi moja, na mkato pia, mtaona ni kweli. Hivyo ndivyo mashine inavyobana. Haitupi kitu hata kimoja, bali kila linaporudiwa jambo hutia alama ya kurudi nyuma mahali pake. Njia hii waliitoa mabwana wawili wa chuo cha Technion katika mji wa Haifa, nchini Israeli, Jacob Ziv na Abraham Lempel, katika makala yao ya mwaka 1977. Wote wawili wamefariki mwaka 2023. Likumbukeni jina la chuo hicho, Technion, kwa maana tutalisikia tena.

Mwanzoni elimu hiyo ilikuwa ya wataalamu. Iliyoileta mikononi mwa watu ni gharama ya simu. Kabla intaneti haijawafikia watu wengi, wenye kompyuta za nyumbani huko Marekani walipelekeana mafaili kwa waya wa simu, wakipigia kompyuta iliyowekwa na mtu kuwa kama ubao wa matangazo. Chombo kilichounganisha kompyuta na simu kiliitwa modemu. Modemu ya biti 2,400 kwa sekunde ilipitisha herufi kama 240 kila sekunde moja. Diski laini ya siku zile, ya kilobaiti 360, ilibeba herufi 368,640. Gawanyeni. Mtu alikaa kwenye simu dakika 25 na zaidi, na malipo yanakwenda. Ukiyabana mafaili yakawa nusu, umeokoa nusu ya malipo. Hapo mtu hahitaji kubembelezwa ajifunze kubana.

Mwaka 1985 bwana mmoja, Thom Henderson, alitoa programu iitwayo ARC, iliyofunga mafaili mengi katika robota moja na kuyabana. Watu wakaipenda. Kisha akatokea kijana wa mji wa Milwaukee, katika jimbo la Wisconsin, Phillip Katz, aliyezaliwa mwaka 1962. Alikuwa mtu mkimya, fundi wa kuandika programu zinazokwenda mbio. Mwaka 1986 alianzisha kampuni yake, PKWARE, akifanyia kazi nyumbani pamoja na mama yake, akatoa programu iliyofanya kazi ya ARC kwa haraka zaidi. Mwaka 1988 kampuni ya Henderson ilimshtaki kwamba amenakili kazi yao. Mwaka huo huo wakapatana: Katz akakubali kulipa na kuacha kutoa programu za namna ile. Watu wengi walimwonea huruma Katz, wakisema mkubwa anamwonea mdogo, ingawa kwa kweli kampuni ya Henderson nayo haikuwa kubwa. Kesi za namna hii watu huzihukumu kwa moyo kabla ya kuzisoma.

Katz alirudi mapema mwaka 1989 na namna mpya ya robota. Akaiita zipu. Na hapa alifanya jambo ambalo kwa maoni yangu ndilo lililompa ushindi: alieleza wazi katika maandishi, bure, jinsi robota la zipu lilivyopangwa, kila baiti mahali pake (baiti ni nafasi ya herufi moja). Yeyote aliyetaka kuandika programu yake ya kufunga na kufungua zipu aliruhusiwa. Katika miaka michache zipu ilienea kila mahali.

Mpaka hapo sijataja kufuli. Zipu ilibuniwa kwa ajili ya kuokoa nafasi na kupeana vitu, si kwa ajili ya kuficha. Lakini wateja huomba. Wengine walitaka kuficha barua, wengine hesabu. Katz alipata msaada wa bwana mmoja mjuzi wa hesabu, Roger Schlafly, aliyempa njia ya kusimba ya kutia katika programu yake, nayo ikaelezwa katika maandishi yale yale ya wazi. Nitawaeleza kwa kifupi. Mashine huanza na namba tatu, ambazo ni zile zile kwa watu wote duniani. Ya kwanza ni 305419896. Kisha hulichukua neno lako la siri, herufi moja moja, na kwa kila herufi huzikoroga namba zile tatu. Neno likiisha, namba zimekuwa nyingine kabisa. Baada ya hapo, kila baiti ya faili huchanganywa na namba itokayo kwenye koroga hiyo, na koroga inaendelea, baiti baada ya baiti. Mbele ya kila faili hutiwa kwanza baiti 12 za ovyo, ili mafaili mawili yanayofanana yasitoe fumbo moja.

Jambo la kuangaliwa sana ni utaratibu wa kazi: kwanza kubana, kisha kusimba. Haiwezekani kugeuza? Fikirini. Kubana hutafuta marudio, kama yale ya mama anayepika. Kusimba vizuri hufuta marudio yote. Ukisimba kwanza, shinikizo la kubana halina cha kushika, na robota linabaki kubwa vile vile. Kwa hiyo kufuli daima huja juu ya robota, baada ya robota. Na kwa sababu hiyo hiyo katibu wetu anaweza kulitia siku ya Jumanne: pamba haifumuliwi tena, ile iliyokwisha kubanwa ndiyo inayosimbwa.

Programu za kufanya hivyo zilikuwako tangu zamani. Kikundi cha watu wa kujitolea kilichoitwa Info-ZIP, ambamo walikuwamo Jean-loup Gailly wa Ufaransa na Mark Adler wa Marekani, kilitengeneza programu za zipu kwa kila aina ya kompyuta, bila malipo. Mojawapo iliitwa zipcloak, maana yake ni kama kulivika robota joho. Ulilipa robota lililo tayari, ikakuuliza neno la siri mara mbili, isije kidole kikateleza. Halafu ikaandika robota jipya pembeni, faili moja baada ya jingine, kila moja likisimbwa. Na mwisho ikaliweka jipya mahali pa lile la zamani. Hata Windows XP, iliyotoka mwaka 2001, ilikuwa na amri ya kuongeza neno la siri kwenye robota la zipu lililokwisha kufungwa. Windows Vista iliyofuata iliiondoa amri hiyo.

Kulikuwa na kizuizi kingine nacho hakikuwa cha ufundi. Sheria za Marekani wakati ule ziliziweka programu za kusimba katika orodha moja na silaha. Kuzipeleka nchi za nje bila ruhusa ilikuwa kosa, kama kupeleka bunduki. Sheria zile zililegezwa mwishoni mwa mwaka 1996, na zikalegezwa zaidi mwaka 2000. Kwa ajili hiyo watu wa Info-ZIP waligawa kazi yao vipande viwili: programu ya kubana ilitolewa kwa wote, na sehemu ya kusimba, iliyoandikwa Ulaya, ikatolewa peke yake. Mtu wa kawaida hakujua mambo hayo. Yeye aliona mahali pa kuandika neno la siri, akaandika, akalala usingizi.

Mwalimu, waulize wanafunzi kama wako macho. Sasa tunafika kwenye kiini.

Mwezi wa Desemba mwaka 1994, katika mji wa Leuven nchini Ubelgiji, wataalamu wa mafumbo walikutana. Wawili wao, Eli Biham na Paul Kocher, walisoma makala juu ya kufuli la zipu. Biham alikuwa mwalimu wa Technion, chuo kile kile cha Ziv na Lempel! Nyumba iliyotoa elimu ya kubana ndiyo ilitoa pia mtu wa kuonyesha udhaifu wa kufuli. Wao hawakubahatisha maneno ya siri. Walifanya hivi. Tuseme herufi ya wazi ni namba 13, na namba ya siri ya mashine ni 7, na fumbo likawa 20. Mtu aonaye 20 peke yake hajui kitu. Lakini mtu ambaye anaona 20, na kwa njia yake mwenyewe anajua kwamba herufi ya wazi ni 13, ameipata ile 7 bila shida. Biham na Kocher walionyesha kwamba ukiwa na baiti mia chache za wazi zilizomo katika robota, unaweza kurudi nyuma mpaka kwenye zile namba tatu za ndani, kwa saa chache tu, kwa kompyuta ya kawaida ya siku zile. Na ukizipata namba tatu, huna haja ya neno la siri tena. Kila faili lililofungwa kwa neno lile linafunguka. Wakahitimisha kwamba kufuli lile ni dhaifu, lisitumiwe kulinda vitu vya thamani.

Sasa mrudieni katibu wetu. Jumatatu alipeleka robota likiwa wazi. Jumanne amelitia kufuli la namna ile ya zamani. Mtu asiye mwema akipata nakala ya Jumatatu, bila shaka amepata yote, hilo halihitaji elimu. Lakini tuseme nakala ya Jumatatu imefutwa kabisa, haipo. Ndani ya robota, pamoja na madeni, kuna nini? Kuna katiba ya chama. Katiba hiyo kila mwanachama anayo, tena huenda anayo katika simu yake. Mtu huyo ataichukua katiba, ataibana kwa programu ya aina ile ile aliyotumia katibu, na ikitoka sawa atakuwa na zile 13 nyingi za kulinganisha na zile 20. Katiba, ambayo si siri hata kidogo, ndiyo ufunguo wa madeni. Na neno la siri la katibu, hata liwe refu kama barabara ya Dodoma, halimsaidii, kwa sababu hakuna aliyelitafuta.

Hapo ndipo mashaka ya kufuli linalokuja baadaye. Robota lililokwisha kuwa wazi limekwisha kuonwa. Limeacha vipande vyake kwa mhasibu, kwenye diski, kwenye barua. Kila kipande kilichobaki nje kilimsaidia mwizi wa kufuli lile kuliko neno la siri lilivyomsaidia mwenye mali.

Watu waliendelea kulitumia kwa miaka mingi baada ya mwaka 1994. Kwa nini? Kwa sababu lilikuwa kila mahali, na kila programu iliweza kulifungua. Kufuli bora halina faida kama mpokeaji hana ufunguo wa kulingana nalo.

Dawa ilipatikana kwa njia ya mashindano. Mwaka 1997 taasisi ya vipimo ya Marekani, NIST, ilitangaza kwamba inatafuta njia mpya ya kusimba, na watu wa nchi zote wakaruhusiwa kuleta. Zilikubaliwa 15 kushindana. Mwezi wa Oktoba mwaka 2000 waliochaguliwa walikuwa Wabelgiji wawili, Joan Daemen na Vincent Rijmen, na mwaka 2001 njia yao ikawa kanuni rasmi kwa jina la AES. Mwaka 2003 watengenezaji wa programu iitwayo WinZip walianza kuitia AES katika zipu. Kwa kufuli hili, kuwa na katiba ya chama hakumsaidii mtu kuyapata madeni. Inambidi abahatishe neno la siri lenyewe. Na kubahatisha nako kumetiwa uzito: katika WinZip neno lako husagwa mara 1,000 kabla ya kuwa ufunguo, na katika programu ya 7-Zip ya Bwana Igor Pavlov, kwa marobota yake ya aina ya 7z, husagwa mara 524,288. Kwako wewe unayelijua neno ni kungoja kidogo tu. Kwa mwizi anayejaribu maneno milioni, kungoja huko huzidishwa kwa milioni.

Hata hivyo msidhani mambo yote yamefunikwa. Mwishoni mwa kila robota la zipu kuna orodha ya vilivyomo, kama karatasi ya shehena iliyobandikwa nje ya sanduku: jina la kila faili, ukubwa wake, tarehe yake. Kwa desturi ya zipu, kutia neno la siri hakuifichi orodha hiyo. Kama katibu ameliita faili lake “madeni ya wanaochelewa”, kila alionaye robota atalisoma jina hilo, neno la siri au bila neno la siri. Robota la aina ya 7z laweza kuficha na majina pia. Tena 7-Zip haitii kufuli juu ya mafaili yaliyokwisha kuwamo katika robota. Ukiongeza faili jipya pamoja na neno la siri, lile jipya tu ndilo linalofungwa, na ya zamani yanabaki wazi ubavuni mwake. Wengi wamedanganyika hapo. Na mimi, ili msinione mwalimu asiyekosea, niliwahi kufunga barua zangu kwa AES na neno nililoliona la akili sana. Baada ya mwaka nilikuwa nimelisahau. Robota ninalo mpaka leo, zito na bubu.

Phillip Katz hakuyaona hayo. Alifariki mwezi wa Aprili mwaka 2000, hotelini, peke yake, katika mji wake wa Milwaukee. Pombe ilikuwa imemharibu mwili. Umri wake ulikuwa miaka 37. Lakini kuna jambo moja la kuangalia. Kila faili lililomo katika robota la zipu hutanguliwa na herufi mbili, P na K, yaani mwanzo wa majina yake. Na zipu siku hizi imejificha ndani ya vitu vingi visivyoitwa zipu: nyaraka za Word, majedwali ya hesabu, vitabu vya kusomea kwenye simu. Programu unayoiweka katika simu ya Android husafiri katika robota la aina hiyo hiyo. Ndiyo maana nilitaka kuwaambia mwanzoni kwamba wengi wenu mnaye bwana huyu mfukoni.

Basi katibu afanyeje? Siku ya Jumatano alikaa na mwenyekiti. Hawakutia kufuli juu ya robota la Jumatatu. Walitoa mafaili yote nje, wakaiacha katiba kando kwa kuwa si siri, wakayapa mafaili majina yasiyosema kitu, wakafunga robota jipya kwa AES, kwa neno refu la siri ambalo halijatumiwa mahali pengine. Robota likaenda kwa barua pepe. Neno lenyewe katibu hakuliandika katika barua ile; alimpigia mhasibu simu akamwambia kwa mdomo, kama kile kibao cha Warumi kilichopitishwa mkono kwa mkono. Kisha wakamwomba mhasibu aifute barua ya Jumatatu, naye akasema ameifuta.

Mwalimu, andika swali hili ubaoni, na wanafunzi walijibu kwa maandishi kabla ya juma lijalo: ile nakala ya Jumatatu huenda imebaki mahali gani pengine? Wajaribu kutaja mahali pasipopungua patatu. Mimi nimepata panne. Kwa herini.